Tandiko la Kivuli

Mdogo wangu mpenzi,

Cherehani yangu imepona, fundi wake ndiye bado. Daktari anataka nilazwe Jumatatu, na nikimuuliza nitatoka lini anatazama dirishani.

Nakupigia magoti, mchukue mbwa wangu, Kivuli. Majirani wote wamenikatalia. Eti ukifunga mlango analia kama kafiwa. Ni kweli, analia. Radi ikipiga hujibanza chini ya cherehani, akaniegemea mguuni akitetemeka. Chakula hagusi mpaka umwekee mkono mgongoni. Lakini kwa kupenda, hana mfano.

Najua wifi hapendi mbwa. Mwambie ni kwa muda tu; hata mimi najiambia hivyo.

Nimemshonea tandiko kwa gauni langu la kazini. Nakusihi, msilifue.

Dada yako