Kiswahili Kilipomtoka Mzee Bukuru

Alhamisi. Manyunyu tangu asubuhi, Muheza yote imenyamaza. Nimechoka, lakini sio uchovu ulioninyima raha.

Mgonjwa wangu, Mzee Bukuru, anaishi peke yake katika kambi ya zamani ya shamba la mkonge. Alitoka Kigoma akiwa kijana, akaja kukata mkonge, hakurudi tena. Sasa saratani imemwingia kwenye mifupa. Hospitali haina zaidi ya kumfanyia, kwa hiyo mimi, muuguzi, namfuata nyumbani kila siku. Namsafisha, nampa morfini ya maji, nakaa naye kidogo.

Wiki iliyopita Kiswahili kilimtoka. Kikabaki Kiha, lugha ya mama yake. Kila nikimshika mkono anarudia maneno yale yale, kwa upole, macho yakitazama dari.

Nilidhani anasali.

Nakiri hapa kwa kuwa sijamwambia mtu: nilikuwa naitikia "Amina."

Leo nimemleta Mama Yusta, muuza dagaa wa sokoni, mwenyeji wa Kasulu. Alifunika dagaa wake akanifuata bila maswali. Akapiga magoti kando ya kitanda, akamwamkia kwa Kiha. Mzee akageuza shingo. Kwangu hajawahi kuigeuza.

"Anasemaje?" nikauliza.

Mama Yusta hakunitazama usoni. "Anasema unamlaza juu ya bega linalomuuma. Anasema amekuomba sana, dada."

Siku zote hizo.

Nikamgeuza taratibu. Akashusha pumzi ndefu, vidole vyake vikaachia shuka. Nikampigia daktari, akaniambia niongeze dozi.

"Mwambie anisamehe," nikamwambia Mama Yusta.

Akamwambia. Mzee akajibu kitu, Mama Yusta akaangua kicheko.

"Anasema mikono unayo, masikio ndiyo huna."

Wakaongea karibu saa nzima. Mimi nimekaa juu ya ndoo karibu na mlango, sielewi neno. Sikujua kama ana sauti kubwa namna ile. Nilifurahi. Niliona wivu pia, naandika hivyo hivyo ilivyo.

Mama Yusta ameahidi kupita kila alasiri. Amenifundisha kusema kwa Kiha "wapi panauma?" na "nikugeuze?" Nimeandika daftarini kama nilivyosikia. Nilichelewa kuuliza, na hilo halina dawa.

Nimerudi chumbani kwangu. Kwetu ni Ukerewe. Huu mwaka wa sita niko huku. Nikawaza, siku Kiswahili kikinitoka mimi, nani hapa atajua ninaomba nini?

Nikampigia mama. Nikaanza kwa Kikerewe, kwa makusudi. Sentensi ya pili nikakwama. Nikalitafuta neno, sikulipata.

Mama akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyosema na wageni.