Jicho Lililomkonyeza Mzee Gatera

Kagarama, Kigali
Jumatano asubuhi

Mpendwa dada Annah,

Pokea salamu zangu na za wifi yako Gwiza. Natumaini mguu wako umeanza kukanyaga chini, na kwamba huko Karagwe jua linatosha kuanikia kahawa. Sisi tunaendelea, ingawa neno wazima sitalitumia leo. Nimeona nikuandikie, kwa kuwa kwenye simu ningelikatisha hili katikati.

Mara mbili umeniuliza kwa nini watu wa mzee Gatera wamekaa kimya tangu waje kumposa mwanao Shami, nami nikakujibu kuwa wamefiwa. Hawajafiwa.

Mwezi wa pili kope la jicho langu la kushoto lilianza kucheza. Gwiza alinitania kwamba nimeanza kukonyeza wake za watu uzeeni. Kufikia Pasaka shavu lilikuwa limefuata, kisha pembe ya mdomo, upande huo huo mmoja, vyote vikivutwa pamoja kama vimeshonwa kwa uzi mmoja. Haviumi. Huzidi nikiwa mbele ya watu, wala havikomi nikilala. Siku moja nilisinzia kitini baada ya chakula, Gwiza akaniona uso ukiendelea na kazi yake bila mimi. Tangu hapo hatanii.

Daktari Kaze, mama mtulivu, aliniambia kwamba kwa wengi ni mshipa mdogo wa damu unaogonga neva ya uso, na kwa wachache ni kitu kibaya zaidi. Alitaka nipigwe picha ya kichwa mara moja. Nikamwomba asubiri sherehe ya posa ya Shami ipite. Akanisihi basi niwatangazie wageni hali yangu. Nilimjibu kwamba msemaji wa familia hasimami na kuanza kuuombea radhi uso wake. Akafunga faili.

Desturi unaijua. Gatera alipoomba binti, ilinipasa nimkatalie kwanza kwa mzaha. Nilisema amechelewa, Shami tumekwisha kumwahidi mwingine, na ng'ombe wa huyo wako zizini. Watu wakacheka. Hapo hapo jicho likafumba, shavu likapanda, mdomo ukavutika, mara tatu, huku nikimtazama yeye. Kicheko cha upande wao kikakatika. Hakuona ugonjwa, dada. Aliona mjomba wa binti akimkonyeza kwa siri, kumwonya kuwa maneno yale ni ya kweli.

Alimaliza hotuba yake kwa heshima na kuondoka mapema. Kesho yake mchumba, Cyusa, aliyeposewa na Gatera, alimtaka Shami amtaje huyo mwanamume. Mtoto ameapa hadi sauti imekauka. Alikuja kwangu akilia, akiniuliza, “Nimekukosea nini, mjomba?” Nikamwambia avumilie.

Naungama sasa: nilijua alivyonielewa siku ile ile, kwa kuwa Gatera alinivuta kando akanishukuru kwa kumfumbua macho. Ningeweza kumwambia hapo hapo. Niliona aibu kuitwa mgonjwa katika nyumba niliyoitwa msemaji, nikamshika mkono tu. Mkono ule ndio uliomhukumu mwanao.

Jumatatu nilipata picha. Si mshipa wa damu. Ni uvimbe, nao unakua. Nilikuwa nimepanga kwenda Kanombe, anakokaa Gatera, Jumamosi, nikae mbele yake hadi jicho limjibu lenyewe, kwa maana, kama Cyusa alivyowahi kumwambia Shami, Gatera huamini kuwa karatasi za hospitali hununuliwa. Lakini leo tangu nimeamka jicho halijacheza. Shavu limelala, chai inanitoka pembeni ya mdomo. Daktari alinionya kwamba uso ukinyamaza ghafla nisingoje hata saa moja.

Gwiza ameshaita gari la kunipeleka hospitali. Nimemwambia dereva tupitie Kanombe kwanza. Sina tena cha kumwonyesha mzee yule ila uso ulioanguka, na ulimi ambao sijui utanitii hadi lini. Nikishindwa kusema, wakusanye wote waliokuwepo siku ile, uwasomee barua hii kwa sauti. Usiruke aya ya mkono.

Wasalimie watoto na majirani wa huko nyumbani. Shami usimwambie lolote kwa simu; mwonyeshe mwandiko huu.

Ni mimi mdogo wako,
Mutsinzi