Namba Ulizonisomea Kwenye Kaseti

Mdogo wangu Gwamaka,

Hata kaburini unanichosha. Ningekuwa na namna ya kukuvuta sikio, leo ningekuvuta mpaka ulie.

Nani alikutuma ununue kompyuta ile? Biashara imefunguliwa, kila mtu analeta chake, nawe ukaenda Kiwira ukamkuta mtu ametandika mitumba ya kutoka Zambia, ukabeba bila kuniuliza. Na ulijua kabisa kwamba mimi ninayo nyingine, ile niliyoachiwa na mwalimu mwenzangu wa kizungu mkataba wake ulipoisha. Yako aina nyingine kabisa! Ukaja mbio huku Mpuguso na kaseti ambayo kompyuta yako ilihifadhia picha ya ng'ombe uliyoichora. "Dada, kaseti ni kaseti," ukasema. "Ya kwaya inaimba kwenye redio yoyote, hii itashindwaje?" Tukaiweka, kompyuta yangu ikakaa kimya. Ukaihamishia kwenye redio kuhakikisha kama ilirekodi, zikatoka kelele za bati linalokwaruzwa, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi: "Kwaya ya wapi hii? Wamepatwa na nini?"

Ungeishia hapo, lakini ubishi wako! Ukanieleza kwamba picha ni namba tu, kila namba inabeba vidoti vinane, na namba hazijali zinachapwa kwenye mashine ya nani. Ukaniandikia namba za ng'ombe kwenye karatasi. Mwandiko wako, Mungu wangu! Saba yako ni moja, moja yako ni saba. Ng'ombe akatoka na pembe tumboni. Nikakwambia sisomi tena karatasi yako.

Ndipo ukaja na akili yako ile. Ukakaa kwenye kibanda chako cha kutengeneza redio pale mtaa wa Bagamoyo, mjini kwetu, ukajirekodi ukizisoma namba za picha mpya kwa mdomo, kaseti nzima, pande zote mbili, ukampa dereva wa lori la majani ya chai aniletee. Tulipokutana kanisani nikakuuliza, "Picha ya nini?"

"Chapa, utaona."

"Si useme tu?"

"Dada, chapa." Na meno yote nje.

Jumapili iliyofuata ulikuwa umelazwa. Ile nyingine tulishakuzika.

Picha hiyo nimeianza sijui mara ngapi. Umeme wa hapa unaujua, nikifika katikati unakatika na kila kitu kinafutika. Nimeona sehemu ya juu tu: ni majani ya mgomba, au mwavuli, au kilemba cha mama. Na kila nikisimamisha redio ili nichape, halafu nikirudisha nyuma, inakula mkanda. Fundi aliyechukua kibanda chako amenitamkia wazi: "Mwalimu, mkanda huu umechoka. Uache ucheze moja kwa moja, la sivyo utakatika." Nikajaribu kuunakili kwenye deki ya kwaya, ikatoka sauti ya mtu aliyejifunika blanketi. Mama akasikiliza kidogo, akasema, "Huyu si mwanangu."

Na huyo mama naye, usiniulize. Nikiweka kaseti tu, anavuta kigoda. Wewe unasema, "Sitini." Mama anaitikia, "Ee." Unasema, "Mia na ishirini." Mama anakushukuru, "Ee, ndaga." Pale katikati unapomwambia mteja asubiri, anakukanya: "Msikilize kwanza mteja, mwanangu." Hapo mimi nahesabu nini?

Jana nikashindwa kuvumilia. "Mama, ukiitikia napotea! Nataka kuona alichokichora kabla mkanda haujakatika."

Akanitazama. "Kila akianza kusema unamnyamazisha. Mwache mtoto aongee, amalize."

Nilikasirika, Gwamaka, nilikasirika sana. Nikazima kompyuta. Nikakaa chini karibu naye, kaseti ikacheza tangu mwanzo bila kuguswa, kisha tukaigeuza upande wa pili. Namba tupu, mdogo wangu, nawe uko humo unapumua, unaguna, unakunywa chai kwa kelele vile vile tulivyokukataza. Mama akaitikia zote. Mwisho kabisa, ambako sijawahi kufika kwa ajili ya kusimamisha-simamisha kwangu, ukasema, "Basi, nimechoka."

Mama akainama karibu na redio. "Haya, pumzika, baba," akasema.

Kwa hiyo sitajua ulichora nini. Mkanda ameuchukua mama, na mimi simnyang'anyi. Lakini ungesema tu, Gwamaka! Neno moja pale mlangoni pa kanisa, lingekupunguzia nini?

Lala salama, mbishi we.

Ni mimi dada yako, ambaye hasira bado hazijamwisha,
Atupele