Dakika Hamsini na Tano za Kaka

Jumatatu, 4 Machi

Kaka kapiga simu tena. Kamwambia Mama hawezi kuja, ndege ni masaa manane angani, mgongo wake hauwezi. Masaa manane! Mimi ndiye mtangazaji wa uwanja wa ndege. Ndege ya mji wake naitangaza asubuhi na jioni: dakika hamsini na tano. Chai wanakupa nusu kikombe, maana hutaimaliza. Mwongo mkubwa! Sikumfichua, kama kawaida. Mama alikuwa anatabasamu.

Jumatano, 6 Machi

Daktari kasema kidole cha mguu cha Mama kikatwe wiki hii. Sukari imekiharibu, na tukichelewa utakatwa mguu mzima. Mama kagoma. Hakatwi kitu mpaka mwanawe wa kwanza aje amshike mkono. Mimi ninayemfunga bandeji kila siku, mkono wangu haufai! Kamweleza hadi muuguzi: mwanangu yuko mbali, huko ndege yenyewe inachoka. Muuguzi akanitazama. Nikatazama dari.

Nimemtumia Kaka ujumbe. Kausoma. Hajajibu.

Ijumaa, 8 Machi — kazini

Nimemwona! Kwa macho yangu, kwenye mkahawa wa abiria wanaobadilisha ndege, anakula keki. Suti mpya. Mgongo mzima kabisa. Anapita tu, anawahi mkutano mji mwingine. Eti angetuambia ingebidi apitie nyumbani, na yeye vidonda vinamtia kichefuchefu. "Mdogo wangu, usimwambie Mama. Utamuua bure." Nitakuua wewe kwanza, shenzi!

Nikarudi kwenye chumba changu cha matangazo, nikampigia Mama, nikammwagia yote: yuko hapa, ndege ni dakika hamsini na tano, anakudanganya miaka yote hii.

Akasema anajua. Alishamuuliza jirani urefu wa safari, zamani sana. "Kukiwa mbali, haji kwa sababu ya umbali. Kukiwa karibu, haji kwa sababu yangu. Ulikuwa na haraka ya nini, mwanangu?"

Nilitaka kumkomoa Kaka, nimemuumiza Mama. Najichukia.

Nilidhani kakata simu. Kumbe anatafuta kiatu kinachoingia kwenye bandeji. "Mzuie hapo. Nakuja."

Sasa yuko kwenye teksi, na mguu ule! Dereva anasema kwenye simu foleni imeganda darajani. Nyumbani hadi hapa kunachukua muda mrefu kuliko ndege ya Kaka. Na Kaka mwenyewe kashasimama mlango namba mbili, wa kwanza kwenye mstari, tiketi mkononi, anapiga miayo. Hajui lolote.

Msimamizi kagonga kioo changu: abiria wa mlango namba mbili waitwe wapande, upesi. Taa ya kipaza sauti inawaka. Nimeinamisha kichwa, naandika; nisipotangaza, hapandi mtu. Kagonga tena —