Kambale ameandika Mumbere

Mariette, sikia namna nilifanya leo. Nimemuita mutoto mwizi mbele ya benzake.

Unajua bale batoto ba Eringeti benye kukimbia bauaji na kuja hapa Butembo, bale ninasaidia kujifunza kuandika kule kanisani. Sujet ya leo, kichwa ya kuandikia, ilikuwa "Namna nimekomaa mwaka huu."

Kambale analeta karatasi yake, nasoma jina juu: Mumbere. Lakini Mumbere ni yaya yake, ndugu yake mukubwa. Nikamuambia: "We, umeiba kazi ya yaya yako?" Batoto bakacheka.

Hata hakukasirika. "Hapana, madame. Mumbere ni jina ya mutoto wa kwanza, Kambale ni ya wa pili. Yaya balimuua mu shamba ya kakao. Sasa wa kwanza ni mimi. Si uliuliza namna nimekomaa?"

Si uliuliza. Alisema vile, polepole, kama vile ni mimi nilikuwa mutoto.

Nikamuambia arudishe jina ya Kambale. Akaniuliza: "Basi wa kwanza atakuwa nani?"

Masomo yangu ya primaire haikunifundisha hiyo, Mariette.

Hakuna aliyecheka tena. Kavira, ule binti mwenye kukaa nyuma, naye hakuzaliwa wa kwanza, akaniomba gomme afute jina yake mu karatasi.

Nilimupatia.