Kilichokuwemo Ndani ya Bawa

Kwa kaka yangu Mbaruku, Kigombe.

Shikamoo kaka. Mimi mzima wa mwili, na natumai nawe na watoto hamjambo, na ule mguu wa mama umepata nafuu. Huku milimani Kenya baridi imezidi. Naandika nimejifunika blanketi, vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Barua yako nimeipata. Unauliza, Dada Mwanaidi atakapotoka eda, mumwambie mumewe alikufa kwa sababu gani? Unasema kila anayekuja kumpa pole anamuuliza, naye anajibu hajui, kisha analia upya. Kaka, mimi najua. Soma barua hii peke yako, mtu mwingine asiisikie.

Kazi yetu unaijua juu juu tu. Wazungu wa huku wana ndege zisizo na injini. Huvutwa na mashine kwa waya mrefu mpaka zinyanyuke, kisha waya unaachiwa, nazo zinabaki zinaelea kwa upepo. Mabawa ni ya mbao na kitambaa, na ndani yake zinapita fito za chuma kutoka kwenye mpini wa rubani mpaka karibu na ncha za bawa. Pale fito zinapopinda pana kiungo tunachokiita kiwiko. Rubani akisukuma mpini, kiwiko kinageuka, na ubao wa ukingoni mwa bawa unapanda au unashuka. Ndivyo ndege inavyolala upande na kujiinua. Kiwiko kikigoma, ndege ikilala imelala. Kazi yangu na marehemu shemeji Salehe ilikuwa kufungua vidirisha chini ya bawa, kuingiza mkono mpaka begani, kusafisha viwiko, kubadili pini zilizolika, kutia grisi na kufunga.

Na hapa pana desturi. Fundi aliyefunga kidirisha cha mwisho ndiye anayepanda kiti cha nyuma ndege ikiruka mara ya kwanza baada ya matengenezo. Wanasema mtu atakayepanda mwenyewe hafanyi kazi ya ovyo. Mimi hupanda nimefumba macho, nasoma Yasini mwanzo mpaka mwisho. Salehe alipenda. Mara ya kwanza alitapika ndani ya kofia yake, akashuka anacheka, akasema akirudi Kigombe hakuna tena wa kumringia baiskeli.

Siku ile grisi iliisha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa banda nashona kitambaa cha ndege nyingine. Salehe akamwendea mzungu mkuu wa karakana, akamwambia, nami nawasikia. Mzungu alikuwa na haraka, wageni wake wamekwisha kufika, akamjibu atie mafuta yoyote safi. Salehe mafuta safi alikuwa nayo. Alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyotumiwa na dada, aliyoyapika dada mwenyewe.

Usimwone mjinga, kaka. Wewe na mimi tungefanya hivyo hivyo. Kwetu cherehani ya dada hupakwa mafuta hayo, na mnyororo wa baiskeli yako pia, na hatujaona kitu kukwama. Yakiganda asubuhi ya kipupwe unaweka chupa juani, yanayeyuka, basi. Salehe naye aliiweka juani, niliiona nikadhani ni ya kujipaka, na saa sita yalikuwa maji kabisa. Ndege ilikuwa inakwenda juu, na sisi watu wa pwani nani alituambia kwamba huko juu ni baridi hata jua likiwaka? Tunadhani ukipanda unalikaribia jua.

Kabla ya kuruka hukagua watu wawili. Mmoja anashika mpini, mwingine anaushika ubao wa bawa na kuuzuia kidogo, aone kama nguvu inafika. Nilishika mimi. Ubao ulikuwa mwepesi kuliko siku zote. Nikamwambia, "Shemeji, leo umetengeneza." Akasema, "Mkono wa dada yako huo." Nikadhani ananitania.

Walipanda, yeye na rubani kijana. Upepo ulikuwa mzuri, wakaenda juu sana na kukaa huko muda mrefu. Kisha tukaona bawa la kushoto limelala. Tulingoja linyanyuke, halikunyanyuka. Ndege ikazunguka, ikazunguka, huku inashuka, ikaangukia shamba la mahindi nyuma ya kilima. Tulipofika wote wawili walikuwa wamekwisha kukata roho. Kiti cha nyuma nacho kina mpini wake. Salehe alikuwa ameushika kwa mikono miwili, ikabidi tumkunjue vidole.

Mabaki tuliyaleta bandani. Mzungu mkuu aliniambia nifungue bawa la kushoto. Niliingiza mkono, nikashika kiwiko, hakigeuki. Nilipoutoa, vidole vilikuwa vyeupe kama nimechota samli, na ile harufu, kaka. Ilikuwa harufu ya uani kwetu dada akitokosa tui. Nilikaa chini.

Mzungu akauliza, "Iko nini hii?" Nikamweleza yote, pamoja na yale aliyomjibu Salehe. Sikujua kama atanipiga au ataniitia polisi. Siku hizi huku, kitu cha mzungu kikiharibika mkononi mwa Mwafrika, hawaulizi kama ni bahati mbaya. Alinishika kiganja, akanusa. Kisha akanitupia kitambaa chenye petroli, akasema, "Futa. Bawa hii na ile ingine." Wakubwa walipokuja kuchunguza aliwaambia ni upepo mbaya wa mlimani. Tangu hapo hajanitazama usoni. Sijui alimhurumia Salehe au alijihurumia mwenyewe. Ninamchukia, na ninamshukuru, na jambo hilo linanila.

Salehe alizikwa vizuri, hilo mwambie dada bila wasiwasi. Wanubi, Waislamu wenzetu wa mji wa jirani, walimwosha, wakamkafini, wakamsalia, na mimi mwenyewe niliingia kaburini kumpokea.

Sasa swali lako. Dada akijua, hataweka tena chungu jikoni bila kujiuliza. Hana kosa hata chembe, lakini nani ataweza kumshawishi? Kwa hiyo mwambie ni upepo. Wazungu wamesema upepo, nasi tuseme upepo. Ni uongo, na mbele ya Mungu nitaubeba mimi, wewe usiubebe.

Nimeomba ruhusa nije kabla ya Ramadhani. Dada ataniuliza kwa kinywa chake, unamjua, atanishika mikono yote miwili anitazame. Nitamjibu hivyo hivyo. Saa hiyo, kaka, nakuomba usiwepo chumbani, maana nikikuona nitashindwa.

Nisalimie mama, umwambie nakula vizuri. Msalimie shangazi yetu wa Mwera, na mwalimu wetu wa chuoni, na mkeo, shemeji yangu, na wanangu wote hapo nyumbani.

Dada mpe salamu zake za peke yake. Mwambie mumewe hakuogopa. Hilo silijui, lakini mwambie.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani