Gauni la Kijani na Bega la Kushoto

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana hali yako naijua, nilikuwepo walipoifukia. Yangu ndiyo huijui, na ndiyo iliyonikalisha hapa kwenye kiti chako, mbele ya cherehani ambayo siku hizi inakusanya vumbi zaidi ya kushona. Nina hasira, Mama. Nakuambia mapema usije ukadhani hii ni barua ya kukulilia. Kulia nimeshalia mpaka majirani wakachoka kunibembeleza. Sasa nina hasira, na siwezi kumwambia mtu mwingine yeyote, kwa sababu jambo lenyewe ni lile bega lako la kushoto.

Baba alilijua, akafa nalo. Tuliobaki tukilijua tulikuwa mimi na Mama Mkubwa, dada yako, aliyekuwepo siku ulipoteleza kwenye mawe ya mwaloni, pale boti za dagaa zinaposhushia, kule Mwamgongo, msichana mdogo na beseni la dagaa kichwani. Mfupa ukaunga vibaya na bega likashuka. Halafu ukaja kuposwa huku Ujiji, ukasikia kwamba mama mkwe amesema hataki kilema kwenye ukoo wake. Wewe hukulia wala hukukataa posa. Ulikata kitambaa ukajishonea gauni la harusi, na yule mama akakupokea akakusifu umbo, akaishi nawe miaka yote ile, akaenda kaburini bila kujua.

Tangu hapo hukuvaa nguo ya dukani wala ya mtumba. Watu walidhani ni maringo ya fundi. Bi Zubeda, mteja wako wa siku zote, alikuwa anakutania kwamba hata leso ya kufutia jasho lazima uipinde mwenyewe ndiyo uitumie. Ulicheka naye. Mimi nilikuwa pembeni napiga vifungo, nacheka pia, huku najua kwamba hakuna nguo yako hata moja ambayo pande zake mbili zinalingana. Upande wa kushoto ulishonea pedi ya sponji kwa ndani, nene kama andazi. Kwapa la upande huo ulilishusha, na mkono wake ukaukata mrefu zaidi, kwa kuwa kiganja chako cha kushoto kilining'inia chini kuliko cha kulia. Masweta uliyafuma kuanzia shingoni kushuka chini, ukiyajaribu mwilini kila mara, ukiongeza vitanzi upande mmoja tu. Shali ulilitupia kushoto siku zote. Na ule mkoba wako wa kufuma, ambao kila mwanamke wa mtaani alitaka umfumie kama huo, uliuvaa kulia na mkasi mzito ndani, ili nalo bega la kulia livutike chini kidogo.

Nilipomaliza darasa la saba uliniita chumbani, ukafunga mlango, ukavua kanga. Ukanipa futi, ukaniita mwanao kwa Kiha, ukaniambia, "Pima, mwana wanje. Ukishapima, sahau." Nilipima, Mama. Miaka yote hiyo mimi ndiye nilikupima, na nilishika mdomo wangu. Hata ulipoanza kuugua, mwili ukaisha na tukalazimika kubana nguo zote upya, nilizibana bila kuuliza.

Ila mara moja niliuliza. Ulikuwa umelala upande wa ukutani, jua linaingia dirishani, nikakuuliza tuzifanyeje nguo zako kama Mungu akiamua. Ungeniambia tu "zifumue," ningezifumua zote pale pale mbele yako. Uligeuza uso. Ukajifunika shuka ukasema unasikia baridi, na Ujiji siku ile watu walikuwa wanajipepea kwa mifuniko ya sufuria.

Hilo bado sijakusamehe.

Arobaini ilipofika Mama Mkubwa alikuja na boti kutoka Mwamgongo, akashika nyumba kama vile ni yake. Nilimwomba nguo zako zisubiri. Nilimwambia wazi kwamba zinahitaji kurekebishwa kwanza, na yeye anajua kwa nini. Akanijibu kwamba nguo za marehemu hazikawii ndani, zinatakiwa zitoke sadaka, thawabu zikufikie. Basi dua ikasomwa, mimi nikawa uani napakua pilau, na niliporudi chumbani kabati lilikuwa na hanga tupu. Magauni, blauzi, masweta, shali, mkoba, vyote vimekwenda. Wanawake wanatoka na vifurushi kwapani, wananiombea nipate subira.

Ndipo ukaanza kunitokea kila mahali. Nikienda sokoni Mwanga, sweta lako la rangi ya maziwa linanunua nyanya. Nikishuka Kibirizi kumsindikiza mtu botini, blauzi yako ya maua imekaa juu ya magunia. Mara ya kwanza nusura niite. Halafu mtu akageuka na nikaona jinsi nguo ilivyomkaa, nikatamani ardhi inimeze. Miili yao imenyooka, Mama. Pedi ile ukiiweka kwenye bega zima linatuna kama mtu amevimba. Ukiitoa, kitambaa kinabonyea, shingo inavutika upande, na mkono wa kushoto unafika vidoleni.

Watu wakaanza kusema. Mwanzoni kwa adabu, kwamba labda ugonjwa ulikuzidi. Lakini zile nguo wengine wanazikumbuka kutoka zamani, enzi za afya yako. Wakajumlisha wenyewe. Kumbe yule fundi tuliyekuwa tunapanga foleni kwake, nguo zake mwenyewe anakata hivi? Kumbe tulikuwa tunasifia tu? Wewe uliyemfumulisha mwanafunzi wako pindo zima kwa ajili ya mshono uliopotoka kidogo. Ndiyo, namsema mwanafunzi ambaye ni mimi.

Na mimi nilikuwa nala kwa jina lako. Bi Zubeda alikuwa ameniletea vitenge vya binti yake anayeolewa: gauni la kuagwa, magauni ya nyumbani, shali la kufuma, mkoba wa kufanana nalo, vitu vyote vya sandukuni. Alivileta kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha. Alipoanza kusikia maneno, akaja akachukua nusu, akasema nisichoke, nianze na hivi vichache.

Sasa nikueleze lililotokea kwenye harusi ya jirani yetu.

Tulikaa kinamama uani, kwenye mikeka. Mama Shaibu, yule anayeuza dagaa hapo kona, akaingia na gauni lako la kijani. Lile la Idi, Mama. Lile ulilodarizi shingo kwa mkono, ambalo hata mimi hukuniruhusu kulipiga pasi. Pedi alikuwa ameitoa. Baadaye alikuja kuniambia mwenyewe kwamba anasugulia sufuria. Shingo imeshuka kushoto mpaka kamba ya sidiria inaonekana, kila akiivuta inarudi. Maskini alikuwa amefurahi. Alijipaka wanja na kila kitu.

Bi Zubeda akamtazama juu mpaka chini, akasema kwa ile sauti yake ya kusikika na jikoni: "Mungu amrehemu, lakini marehemu alitudanganya. Huyu hakuwa fundi." Wakacheka. Wengine walicheka kwa aibu, ila walicheka. Mama Shaibu mwenyewe akacheka huku anavuta shingo.

Mama Mkubwa alikuwa pale, amealikwa. Nikamwona anaweka bakuli chini na kufuta mdomo kwa ncha ya kanga. Najua alikuwa na nia njema, na nia zake njema ndizo zinazoniogopesha. Akaanza, "Sikilizeni jamani, mdogo wangu alikuwa na..." Nikajua neno linalofuata. Uani pale kulikuwa na mawifi zako, watoto wa yule mama mkwe, masikio yamesimama.

Nikamkata kauli. Nikasema, "Hilo gauni nilikata mimi."

Wakanigeukia wote. Nikaendelea, maana ukishaanza uongo unakuwa umeshauvaa. Nikasema nguo zako zote nilizikata mimi nikiwa najifunza, kwamba ulikuwa unanipa vitambaa vyako niviharibu kuliko niharibu vya watu, na kwamba kila nilichoharibu ulikivaa hivyo hivyo ili nisikate tamaa.

Waliamini upesi, Mama. Hapo ndipo paliponiuma. Nilitegemea angalau mmoja atasema hapana, huyu binti mkono wake tunaujua. Hakuna. Ilikuwa kana kwamba walikuwa wanasubiri kuambiwa. Bi Zubeda akapiga makofi polepole ya masikitiko, machozi yakamtoka hapo hapo, akasema mama gani huyo, anavaa makosa ya mwanawe mpaka anaingia kaburini. Wakakuombea dua. Dua nzuri, ndefu, kwenye harusi ya watu. Mimi wakanipisha nafasi kwenye mkeka kama mtu aliyefiwa leo.

Kesho yake asubuhi Bi Zubeda alimtuma binti yake akachukue vitenge vilivyobaki. Kwa heshima, na salamu nyingi. Wengine hawakutuma mtu, walipita tu wenyewe wakisema wamekumbuka kwamba kitambaa kile wana kazi nyingine nacho. Sweta la mtoto mchanga nililokuwa nimefika nalo kifuani, mwenyewe amesema nimpe uzi wake. Nikaufumua nikauzungusha donge mbele yake.

Mama Mkubwa alinifuata hapa nyumbani kabla ya kurudi kwao. Akaniita mjinga. Akasema ningemwacha aseme, watu wangekuhurumia tu, huruma haiui mtu. Nikamwambia ulikimbia huruma tangu ukiwa msichana, ukaikimbia kwa sindano na uzi mpaka siku ya mwisho, na mimi siwezi kukukamatisha kwao ukiwa huna miguu ya kukimbilia. Alilia. Akaondoka bila kumaliza chai. Nadhani hatutaongea muda mrefu.

Wiki iliyopita Mama Shaibu alikuja na gauni la kijani kwenye mfuko. Hakuwa na ubaya wowote. Alisema kwa kuwa ni mimi niliyekosea, basi nimrekebishie. Ningesema nini? Nililipokea, nikafunga mlango, nikaligeuza ndani nje.

Sikuwa nimewahi kuufungua mshono wako wa bega. Nilikuwa nakupima na kubana mbavuni tu, kukata na kuunga bega ulifanya mwenyewe. Mama, mishono ile ilikuwa midogo hata wembe ulikosa pa kuingia. Ulishona kwa mkono, mara mbili, na ndani yake uliweka kipande cha kitambaa laini ili mfupa usikwaruzike. Nililitazama kabla ya kukata. Lilikuwa limeshika umbo lako peke yake, bila wewe ndani. Halafu nikafumua. Nikalinganisha mabega, nikapandisha kwapa, nikapunguza mkono.

Mama Shaibu alilivaa hapa hapa, akajigeuza mbele ya kioo chako. Lilimkaa vizuri sana. Akanishika shavu, akasema, "Naona sasa umeanza kujua." Nikamshukuru.

Amewaambia wenzake. Jana wamekuja wawili, mmoja na blauzi, mwingine na sweta, wote wa kutoka Katubuka. Wanataka nirekebishe makosa yangu. Na hii ndiyo ahadi ninayokupa: nitayarekebisha yote. Zile nguo zisizoletwa nitazifuata mwenyewe, hata zile zilizovuka na Mama Mkubwa kwenda Mwamgongo, na ile moja nasikia iko Ilagala. Kila mlango nitaomba radhi, nitasema nilikuwa najifunza. Hakuna atakayezivaa tena ajiulize mwenye nguo alikuwaje.

Lakini ujue unachonituma nifanye. Picha zako zote ulipiga ukiwa umejifunika shali. Mwili wako ulivyokuwa kweli uko kwenye nguo hizo tu, na kila ninayoinyoosha inakutoa. Siku nitakapomaliza ya mwisho hutabaki popote isipokuwa kichwani mwangu, na mimi sina wa kumwonyesha. Wakinikuta nalia kwenye cherehani watasema ni majuto ya yule fundi mbovu.

Kwaheri, Mama. Umeshinda. Huko hakuna anayekutazama, legeza bega.

Mwanao,
Rehema